Takwimu Zilianguka Lini? Tafiti za Maoni na Kujikwaa kwa Wagombea Urais wa Marekani

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wa chuo hiki, wanafunzi wa uandishi wa habari, mabibi na mabwana,

Kabla sijaingia ndani ya mada niliyopewa, naomba tukubaliane juu ya neno moja, maana tusipofanya hivyo tutapishana njiani. Mtanzania akisikia "kura za maoni" hukumbuka wanachama wa chama chake wakimpendekeza mgombea wa ubunge au udiwani. Mkenya hukumbuka Agosti 2010, alipokwenda kituoni kuipitisha katiba mpya. Vyombo vyetu vya habari hulitumia neno hilo hilo kwa jambo la tatu kabisa, yaani kampuni kuwatafuta watu elfu moja hivi na kuwauliza wangemchagua nani kama uchaguzi ungefanyika leo. Katika jambo hilo la tatu hakuna kura inayopigwa wala sanduku linalofunguliwa. Kwa hiyo leo nitasema "utafiti wa maoni", nanyi mnivumilie.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na nadhani wachambuzi wa siasa za Marekani wanaiamini methali hiyo kuliko sisi wenyewe. Kila uchaguzi wa rais ukiisha, hutajwa sentensi moja, picha moja au ukelele mmoja unaodaiwa kumwangusha aliyeshindwa. Nimetumia miaka mingi kutafsiri habari hizo na kuzisoma redioni, na hoja niliyokuja nayo leo ni nyembamba. Tukizipanga tarehe za makosa hayo kando ya tarehe za takwimu, mara nyingi tunakuta kwamba takwimu zilitangulia kuanguka na kosa likaja kubebeshwa lawama baadaye. Mara nyingine tunakuta kwamba takwimu zenyewe ndizo zilizolizaa kosa.

Nianze na kifaru, kwa maana ya kile cha vita. Mwezi Julai 1988, baada ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Atlanta, utafiti wa kampuni ya Gallup ulimwonyesha mgombea wa chama hicho, Michael Dukakis, gavana wa Massachusetts, akimtangulia Makamu wa Rais George Bush kwa pointi 17. Tarehe 13 Septemba Dukakis alikwenda kwenye kiwanda cha General Dynamics huko Sterling Heights, Michigan, akavaa kofia kubwa ya askari wa vifaru, akapanda juu ya kifaru na kuzungushwa uwanjani mbele ya wapiga picha huku akitabasamu. Alikusudia kuwaonyesha wananchi kwamba suala la ulinzi halimpigi chenga. Picha ikatoka ya kuchekesha, kambi ya Bush ikaitia katika tangazo la televisheni, na mwezi Novemba Bush akashinda katika majimbo 40. Tangu hapo kifaru kile kimekuwa mfano wa darasani wa jinsi mgombea anavyoweza kujimaliza kwa mchana mmoja.

Lakini tazameni kalenda. Mkutano mkuu wa chama cha Republican ulifanyika New Orleans katikati ya Agosti, na tangu hapo tafiti zikaanza kumwonyesha Bush akiwa mbele. Siku Dukakis anapanda kifaru, zile pointi 17 zilikuwa zimekwisha kuyeyuka, na huenda asingehangaika kupanda kifaru kama zingekuwa bado mfukoni mwake. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Howard Dean, aliyekuwa akiwania kuteuliwa na chama cha Democratic, ambaye ukelele wake wa usiku wa tarehe 19 Januari 2004 huko Iowa ulirudiwa katika televisheni mamia ya mara. Wengi wanaamini kwamba ukelele ule ndio uliomtoa mashindanoni, ilhali aliupiga akiwa amekwisha kushika nafasi ya tatu katika jimbo hilo, nyuma ya John Kerry na John Edwards, baada ya tafiti za siku za mwisho kuonyesha kwamba anateremka.

Sitaki kusema kwamba makosa hayana uzito. Nasema kwamba uzito wake hauwezi kupimwa na mtu asiyejua kipimo chenyewe kinavyofanya kazi.

Mnaouza na kununua nafaka mnalijua bambo. Mnunuzi hachungulii gunia zima, bali hulichoma kwa bambo, akatoa punje chache, akazitazama kiganjani na kukata bei. Akiwa mjuzi atachoma juu, katikati na chini, kwa sababu muuzaji mjanja huweka mchele mzuri juu. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest lilituma karatasi za maswali zipatazo milioni 10 na kurudishiwa zaidi ya milioni 2, kisha likatangaza kwamba Alf Landon wa chama cha Republican angemshinda Rais Franklin Roosevelt kwa kupata asilimia 57 ya kura. Majina yalikuwa yamechukuliwa kwa wingi katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katika nchi iliyokuwa bado imezama ndani ya mdororo mkubwa wa uchumi. Juu ya hayo, waliojipa taabu ya kurudisha karatasi hawakuwa sawa na wale walioitupa. Roosevelt alipata karibu asilimia 61, na Landon akaambulia majimbo mawili tu, Maine na Vermont. George Gallup, aliyewahoji watu wachache mno kuliko gazeti hilo, alimtaja mshindi sawasawa, kwa sababu bambo lake lilichoma pande nyingi za gunia.

Leo hesabu ya kawaida husema kwamba ukiwahoji watu 1,000 waliochaguliwa kwa nasibu, jibu lako linaweza kupotoka kwa pointi 3 juu au chini. Habari zetu husahau kwamba kiasi hicho ni cha kila mgombea peke yake. Pengo baina ya wawili linaweza kupotoka karibu mara mbili ya hapo, kwa hiyo kichwa cha habari kinachosema "anaongoza kwa pointi 2" kinatuambia tu kwamba hajulikani anayeongoza. Tena hesabu hiyo haimgusi mtu aliyekataa kujibu, na wanaokataa ndio wengi. Taasisi ya Pew ilipima na kukuta kwamba mwaka 1997 ilipata majibu katika simu 36 kati ya kila 100, na kufikia mwaka 2018 zimebaki 6. Watafiti hulazimika kuwapa uzito zaidi wahojiwa wa makundi yaliyojibu kwa uchache, na namna ya kugawa uzito huo ni uamuzi wa mtu aliyeketi mezani, mwenye dhana zake kuhusu nani atakwenda kupiga kura.

Nirudi kwenye makosa, na sasa nitaje yale yaliyozaliwa na takwimu. Mwaka 1948 Thomas Dewey, gavana wa New York, aliongoza katika tafiti zote kubwa, kiasi kwamba mtafiti Elmo Roper alitangaza mwezi Septemba kwamba haoni sababu ya kuendelea kuchapisha. Mtu anayeambiwa kila wiki kwamba amekwisha kushinda huogopa kusema lolote, asije akamkera mtu. Dewey akapita nchi nzima akihubiri umoja na matumaini bila kugusa bei ya nafaka wala hali ya wafanyakazi, wakati mpinzani wake, Rais Harry Truman, akisimama nyuma ya treni kila mji mdogo na kulirarua Bunge. Utafiti wa mwisho wa Gallup ulimpa Dewey asilimia 49.5 na Truman 44.5. Kura zilipohesabiwa, Truman ndiye aliyepata 49.6 na Dewey 45.1. Gazeti la Chicago Daily Tribune lilikuwa limekwisha kupiga chapa kichwa kinachosema Dewey amemshinda Truman, na picha ya Truman akiliinua juu huku akicheka sina haja ya kuieleza. Kosa la Dewey halina tarehe wala kipande cha filamu. Ni miezi miwili ya ukimya, na aliyeuagiza ukimya huo ni utafiti wa maoni.

Miaka 68 baadaye jambo hilo hilo lilirudi kwa sura nyingine. Rais wa Marekani huchaguliwa kwa kura 538 za wajumbe wanaogawanywa kwa majimbo, na anayefikisha 270 ndiye mshindi. Karibu majimbo yote humpa aliyeongoza wajumbe wote, isipokuwa Maine na Nebraska zenye utaratibu wa kuwagawa, kwa hiyo utafiti wa kitaifa unaweza kuwa sahihi na bado ukampotosha kila mtu. Mwaka 2016 tafiti za kitaifa zilimpa Hillary Clinton uongozi wa pointi 3 hivi, naye akapata kura nyingi zaidi kwa pointi 2. Hapo watafiti hawakukosea sana. Waliteleza Wisconsin, ambako wastani wa tafiti ulimpa uongozi wa pointi zipatazo 6, na kambi yake ikauamini kiasi kwamba hakukanyaga tena jimbo hilo tangu aliposhindwa huko katika uchaguzi wa awali wa mwezi Aprili. Donald Trump alilichukua kwa kura zisizofika 23,000. Chama cha watafiti wa maoni cha Marekani kilipochunguza baadaye, kilitaja mambo mawili makubwa: tafiti nyingi za majimbo hazikurekebisha uzito kwa kiwango cha elimu, ilhali wenye shahada hujibu zaidi kuliko wasio nazo, na wengi wa walioamua wiki ya mwisho katika majimbo hayo walimwendea Trump.

Wachambuzi wengi walipenda kutaja badala yake tarehe 9 Septemba 2016, siku Clinton alipowaambia wachangiaji mjini New York kwamba nusu ya wafuasi wa Trump wangeweza kutiwa katika kapu la watu wa hovyo. Maneno yale yaliuma, tena yalichapishwa juu ya fulana na hao hao waliotukanwa. Hata hivyo, tarehe 7 Oktoba ilitoka sauti ya Trump akizungumza juu ya wanawake kwa namna ambayo siwezi kuirudia hapa, viongozi kadhaa wa chama chake wakatangaza kumtenga, takwimu zake zikashuka, na kufikia mwanzo wa Novemba zilikuwa zimepanda tena. Kama ulimi ndio unaoamua, sijui tungeziweka siku hizi mbili katika mizani gani.

Usiku wa kuhesabu kura za mwaka huo 2016 nilikuwa zamu katika chumba cha habari cha kituo kimoja cha redio. Nilikuwa nimeandaa makala mbili. Ya ushindi wa Clinton ilikuwa na kurasa nne, pamoja na historia ya wanawake katika siasa za nchi ile tangu walipopata haki ya kura mwaka 1920. Ya ushindi wa Trump ilikuwa na aya mbili, na ya pili haikuwa imemalizika. Kama saa nne na nusu asubuhi kwa saa zetu, shirika la habari la Associated Press lilimtangaza Trump, nami nikaingia hewani na zile aya mbili. Msiniulize nilijaza vipi dakika zilizobaki.

Lakini yapo makosa ambayo hayakuwako mpaka yalipotangazwa kuwa makosa. Tarehe 6 Oktoba 1976, katika mdahalo uliofanyika San Francisco, Rais Gerald Ford alisema kwamba Ulaya Mashariki haiko chini ya utawala wa Wasovieti, na mwandishi aliyemhoji alipompa nafasi ya kujirekebisha, akaongeza kwa kuzitaja Yugoslavia, Romania na Poland. Waliopigiwa simu usiku ule ule na watafiti wa kambi ya Ford hawakuona ajabu yoyote, na wengi wao walisema rais ndiye aliyefanya vizuri. Magazeti na televisheni wakashinda kutwa nzima wakieleza ukubwa wa kosa, na waliohojiwa jioni ya siku iliyofuata wakasema kwa wingi kwamba mpinzani wake, Jimmy Carter, ndiye aliyeshinda. Mdahalo wenyewe haukuwa umebadilika hata neno moja. Na hapa pia kalenda ina lake la kusema: Ford, aliyekuwa nyuma kwa pointi zaidi ya 30 katika majira ya kiangazi, alipanda tena katika siku za mwisho, hata utafiti wa mwisho wa Gallup ukamweka mbele kwa pointi moja. Alishindwa kwa pointi 2. Inawezekana Poland ilimgharimu hizo mbili, na inawezekana vilevile kwamba kilichomgharimu ni kumsamehe Richard Nixon miaka miwili nyuma.

Mwaka 2012 tulipata bahati ya kuona ndani ya mashine. Mitt Romney, mgombea wa Republican, alikuwa amerekodiwa kwa siri huko Boca Raton, Florida, akiwaambia matajiri kwamba asilimia 47 ya Wamarekani wanaitegemea serikali na hawatampa kura kwa vyovyote. Video ilitoka tarehe 17 Septemba, na Barack Obama akaonekana kusonga mbele. Tarehe 3 Oktoba Obama akashiriki mdahalo wa Denver kama mtu aliyeamshwa usingizini, na takwimu zikamgeukia Romney kwa kasi. Wakati huo watafiti fulani walikuwa wakiwahoji watu wale wale tena na tena kupitia mashine za mchezo wa Xbox, na walipochambua majibu waligundua kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko hayo haikutokana na watu kubadili nia. Mgombea akifanya vibaya, wafuasi wake hufadhaika na kukosa hamu ya kujibu maswali. Akifanya vizuri, huwa wachangamfu wa kuzungumza. Waliobadilika walikuwa wajibuji, na wapigakura wakabaki pale pale walipokuwa. Hii ndiyo sababu nasema kwamba kujikwaa kwa mgombea hutikisa utafiti kwa nguvu kuliko kunavyotikisa uchaguzi. Romney, kwa kejeli ya historia, alimaliza akiwa na asilimia 47 ya kura.

Kuna mahali ambapo takwimu huamua mambo waziwazi kabla ya mwananchi kupiga kura, nako ni mlangoni pa mdahalo. Mwaka 1980 waandaaji walimtaka kila mgombea awe na asilimia 15 katika tafiti. John Anderson, aliyejitegemea bila chama, alizifikisha, akapambana na Ronald Reagan mjini Baltimore mwezi Septemba, Carter akiwa amekataa kuhudhuria. Baadaye akashuka chini ya kiwango hicho, akafungiwa mlango, na tarehe 28 Oktoba mjini Cleveland jukwaani walikuwapo Carter na Reagan peke yao. Kiwango hicho hicho kilitumika tena mwaka 2024 huko Atlanta.

Na Atlanta ndiko kulikotokea mfano mkubwa kuliko yote niliyotaja. Tarehe 27 Juni 2024 Rais Joe Biden, akiwa na umri wa miaka 81, alisimama mbele ya Trump bila hadhira ukumbini, sauti imemkauka, akapoteza mwelekeo katikati ya jibu na kulimaliza kwa kusema kwamba hatimaye waliishinda Medicare, ambao ni mpango wa serikali wa bima ya afya kwa wazee unaopendwa na chama chake mwenyewe. Siku 24 baadaye alijitoa. Hakuna mgombea wa nyakati zetu aliyelipa gharama kama hiyo kwa saa moja na nusu. Ajabu ni kwamba wastani wa tafiti za kitaifa ulisogea kwa pointi mbili tu hivi. Kwa kipimo cha takwimu za ushindani, Dukakis alipoteza zaidi ya hapo bila kifaru.

Jibu la ajabu hiyo liko katika swali jingine ambalo watafiti walikuwa wakiliuliza tangu muda mrefu, na ambalo sisi katika redio tulilisoma kwa haraka: je, ni mzee mno kwa kazi hii? Muda mrefu kabla ya Juni, walio wengi, wakiwamo wanachama wengi wa Democratic, walijibu ndiyo. Mdahalo haukuwaambia jambo jipya. Uliwapa wakubwa wa chama ruhusa ya kusema hadharani walichokuwa wakikisoma katika takwimu faraghani, na katika zile siku 24 kila tafiti mpya ya Pennsylvania au Michigan ilichukuliwa na wabunge na wafadhili kama hoja ya kumpelekea mlangoni. Hapo ndipo nakubali kwamba kosa liliangusha mtu. Liliangukia mahali palipokwisha kupondeka, na tafiti ndizo zilizokuwa zimeonyesha mpondeko huo ulipo.

Linganisheni na wiki ya mwisho ya uchaguzi huo huo. Tarehe 27 Oktoba, katika mkutano wa Trump ndani ya Madison Square Garden, mchekeshaji mmoja aliiita Puerto Rico kisiwa cha takataka kinachoelea. Ikasemwa kwamba Pennsylvania, yenye wapigakura wengi wenye asili ya kisiwa hicho, imekwisha kupotea. Siku mbili baadaye Biden akaonekana kuwaita wafuasi wa Trump takataka, na kesho yake Trump akapanda gari la taka huko Wisconsin. Sisi wanahabari hatukulala. Pennsylvania ilikwenda kwa Trump kwa pointi zisizofika 2, pamoja na majimbo mengine sita yote yaliyokuwa na ushindani mkali.

Siku tatu kabla ya kura, gazeti la Des Moines Register lilichapisha utafiti wa Ann Selzer, mtafiti aliyekuwa na sifa kubwa ya kulisoma jimbo la Iowa vizuri, ukimpa Kamala Harris, aliyekuwa amechukua nafasi ya Biden, asilimia 47 na Trump 44. Iowa haikuwa hata katika orodha ya majimbo ya ushindani. Kabla ya jua kuchwa wachambuzi walikuwa wamepata sababu: sheria kali ya jimbo hilo kuhusu utoaji mimba iliyoanza kutumika mwezi Julai, hasira za wanawake wenye umri mkubwa, hata yale maneno ya takataka. Sababu hizo zilipangwa kwa ufasaha, kila moja na tarehe yake. Jumanne Trump akashinda Iowa kwa pointi 13, na maelezo yale yote yakabaki yameandikwa vizuri juu ya jambo ambalo halikutokea.

Asanteni kwa kunisikiliza.